Unalima Wewe, Hati Ina Jina la Nani?

Msomaji mmoja wa Mlimba kaniandikia: “Dada, tumevuna vizuri, lakini mume wangu kauza mpunga wote. Februari nitanunua mchele dukani kama mtu asiye na shamba. Nifanyeje?”

Mdogo wangu, huku Kilombero tunapanda sisi, tunapalilia sisi, alfajiri tunaamia ndege sisi. Mpunga ukishaingia kwenye magunia unakuwa wa mwanaume. Marehemu mume wangu naye alikuwa hivyo hivyo, ila ya kula alituachia. Alipofariki, hata arobaini haijafika, shemeji yangu akawa anapima shamba kwa hatua. “Shemeji, wewe ni wa kuja, utaolewa kwingine.” Wa kuja! Nimezaa watoto watano pale, na huyo anayesema kala pilau langu kila Idi.

Nikaenda baraza la ardhi la kijiji. Shemeji akaja na wazee wa ukoo na maneno ya mila, na kweli sheria za mila zilizoandikwa 1963 zinambana mjane mpaka leo, ingawa kamati ya Umoja wa Mataifa ilishaikosoa Tanzania kwa hilo mwaka 2015, katika kesi ya wajane wawili. Lakini barazani sheria inataka wanawake watatu wawemo, na mmoja wao, mama mtu mzima, alikuwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Akasoma kifungu cha 20: mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Wazee wakaanza kuangalia saa.

Mwezi uliopita nimekabidhiwa hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji. Jina langu, picha yangu. Nimeiweka kwenye fremu, wanaocheka wacheke.

Sasa dada zangu, jina! Mume akiwa hai na mnapatana, ombeni hati ya majina mawili. Msingoje msiba. Magunia ya chakula yatengwe kabla mnunuzi hajaleta fuso, lakini mwenye jina kwenye hati ndiye anayesikilizwa akisema “haya hayauzwi”. Acheni kuona haya. Kunyamaza hakujazi sufuria.

Fomu zinapatikana ofisi ya kijiji. Majirani wa pande zote huitwa kuthibitisha mipaka, na upande wa mtoni jirani yangu ni shemeji. Akasaini. Kalamu nilimpa mimi.