Kabla ya Kununua Viatu, Uliza Bei ya Kitanda

Msomaji mmoja wa Dar es Salaam ametuandikia. Anataka kukimbia kilomita 42 kwenye Kilimanjaro Marathon, Moshi, achangishe fedha za kuwatibu vijana wa mtaani kwao wanaotumia unga, yaani heroini. Ameuliza maswali matano. Manne ni ya viatu na mazoezi. La pesa ameliweka mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka chumvi wakati sahani zimeshapakuliwa. Tunaanza na hilo la mwisho, maana ndilo linaloharibu mbio nyingi za hisani.

Bango lisiandikwe "Tuchangie methadone." Dawa hiyo, anayopewa mtumiaji badala ya heroini, hutolewa bure kwenye kliniki za serikali tangu huduma ilipoanza Muhimbili mwaka 2011. Ni ya maji, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kila siku maana yake Jumapili, Idi na Krismasi vimo. Kinachomshinda mgonjwa ni kufika. Chukua mfano wa nauli ya shilingi 600 kwenda na 600 kurudi: 1,200 kwa siku, 36,000 kwa mwezi. Mtu asiye na kazi anaitoa wapi? Akikosa siku kadhaa mfululizo, hapewi tena dozi ileile, kwa kuwa mwili umeshaanza kuisahau. Anapimwa na kuanzishwa upya kwa dozi ya chini. Wakati huohuo arosto, mateso ya mwili kukosa dawa, inampiga, na kijiwe cha unga kiko jirani kuliko kliniki. Kete, kile kipimo kidogo cha unga, aliyokuwa akiimudu zamani sasa inaweza kumuua.

Kwa hiyo uza kilomita. Kilomita moja shilingi 1,000, mbio nzima 42,000. Mchangiaji mmoja amebeba nauli ya mtu mmoja kwa mwezi, na inabaki 6,000 ya chai na chapati, maana dozi kwenye tumbo tupu huwatapisha wengine. Hesabu ya namna hiyo mama ntilie anaielewa na meneja wa benki anaielewa. "Kusaidia waathirika" haieleweki na yeyote, ndiyo maana watu huitikia kwa emoji ya mikono na kupita.

Nauli usimkabidhi mgonjwa ya mwezi mzima kwa mkupuo. Kubaliana na ofisa ustawi wa jamii wa kliniki au waelimishaji rika itolewe kwa wiki, kulingana na mahudhurio.

Ukichagua soba, nyumba wanakokaa watu wanaoacha dawa za kulevya, badala ya kliniki, nenda mwenyewe kwanza, na si siku waliyokuandalia wageni. Uliza kitanda ni shilingi ngapi kwa mwezi, chakula kimo au hakimo, mtu anakaa miezi mingapi, nani anamwita daktari usiku. Omba kuona usajili na stakabadhi. Kisha uliza swali ambalo wachangishaji hulikwepa: mtu akitoroka wiki ya kwanza, pesa yake inakwenda wapi? Wanatoroka kweli. Arosto ya heroini huanza ndani ya siku moja tangu kete ya mwisho, hukolea siku ya pili na ya tatu, na huchukua takriban wiki kutulia. Andikianeni mapema kwamba miezi iliyobaki inahamia kwa mtu anayefuata. Na ukikuta wamemfunga mtu minyororo au wanachapa viboko kwa jina la nidhamu, chukua bahasha yako uondoke, hata kama mwenye nyumba ni ndugu yako.

Fedha zipite kwenye lipa namba au akaunti yenye jina la taasisi na watia saini wawili. Simu yako binafsi isiguse hata senti. Makato yahesabiwe mwanzo. Ada yako ya mbio, basi na malazi ya Moshi lipa mwenyewe. Huwezi, sema hadharani kabla ya mchango wa kwanza kuingia. Tunalisema kwa ukali kwa sababu mtu aliyekuchangia nauli ya mgonjwa hapaswi kugundua baadaye kwamba uliitumia kulala hotelini.

Michango hii inafanana na ya harusi: ahadi ni nyingi kuliko fedha. Tenganisha safu mbili kwenye orodha, ahadi na taslimu, na usimwahidi mwenye soba kitu kilicho kwenye safu ya kwanza. Omba mishahara inapotoka. Desemba utagombana na kamati za harusi, Januari na ada za shule. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yako.

Sasa miguu. Mbio za Moshi huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo wiki 18 za maandalizi zinaanza Oktoba. Kama Oktoba huwezi kukimbia kilomita 10 bila kusimama, jiandikishe nusu, kilomita 21.1. Wachangiaji hawatadai salio.

Siku nne kwa wiki zinatosha: tatu fupi za kasi inayokuruhusu kuongea, moja ndefu. Ndefu ianze na kilomita 12, ongeza mbili kila wiki, kila wiki ya nne punguza, mpaka ufike 30 au 32 wiki tatu kabla ya mbio. Baada ya hapo unashuka. Wengi hapo ndipo huingiwa na wasiwasi wakaenda kukimbia 35 "kujipima"; wanafika Moshi miguu imeshatumika. Dar ni tambarare, na Moshi, iliyo zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, si tambarare. Sehemu kubwa ya nusu ya kwanza hukimbiwa barabara kuu, halafu njia hupanda kuelekea Mweka wakati umeshachoka. Tafuta vilima vya Pugu angalau mara moja kwa wiki, saa kumi na moja alfajiri, joto la kaskazi halijaamka.

Anza taratibu. Dakika 7 kwa kilomita zinakumalizisha kwa saa 4 na dakika 55, na hakuna aibu hapo. Anayeanza kwa dakika 6 kwa sababu ya shangwe na ngoma hulipa deni baada ya kilomita 30, sukari iliyohifadhiwa mwilini inapokwisha. Hiyo huzuiwa kwa kula mapema: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na ndizi moja ya wastani ina kama 25. Maji ni mafunda kadiri ya kiu. Kunywa kupita kiasi hushusha chumvi ya damu. Vidole vikivimba, kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija huku tumbo limejaa maji, acha kunywa na tafuta huduma ya kwanza. Ibuprofen usimeze njiani, figo zina kazi tayari. Viatu, soksi na chakula cha siku hiyo viwe vimeshaonja kilomita 25 za mazoezi.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Aliyefunga asikimbie marathoni mchana. Atafute mbio za mwezi mwingine.

Ukitaka kukimbia na mtu aliye kwenye methadone, kliniki yake iambiwe wiki kadhaa kabla. Dawa hiyo inaweza kugusa mapigo ya moyo, hivyo kipimo cha moyo kitangulie. Halafu kuna dozi yenyewe: mbio za Moshi huanza asubuhi mapema, mbali na kliniki yake, na dozi ya siku hiyo haijipangi. Watu wa huduma ya kwanza wajue asipewe tramadol wala kodeini.

Picha za "kabla na baada" ziache. Ridhaa ya mtu aliye wiki ya pili ya nafuu si ridhaa ya kutosha, na neno "teja" kwenye fulana litamfuata kwenye usaili wa kazi. Piga picha ya stakabadhi.

Ukishavuka mstari una kama wiki mbili za kukusanya ahadi, medali ikiwa bado inang'aa. Zikipita, watu hawapokei simu. Baada ya miezi mitatu toa taarifa kwa wote: watu wangapi, miezi mingapi, shilingi ngapi zimebaki. Aliyerudi kijiweni naye ahesabiwe, bila jina, na nauli yake iliyobaki iandikwe imekwenda kwa nani kwenye foleni.