Vidonge vya usingizi vya duka la dawa: nilivyovitumia vibaya, na ninavyovitumia sasa

Asubuhi moja niliinjika birika jikoni, nikakaa mezani kusubiri chai. Kilichonishtua ni harufu ya chuma kinachoungua. Birika lilikuwa kavu, sikuwa nimetia maji hata tone. Nililitazama kwa muda mrefu kidogo kabla ya mkono kukumbuka kuzima moto, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Saa moja baadaye nilikuwa niendeshe gari kwenda kazini.

Usiku wake nilikuwa nimemeza kidonge cha usingizi saa nane, baada ya kugaagaa kitandani tangu saa nne. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimemaliza mwezi mzima wa zamu za usiku, kisha nikarudishwa mchana, na mwili ukakataa kurudi nami. Kila nikilala macho yanakodoa. Siku ya tano nikaingia duka la dawa nikaomba kitu cha kunilaza.

Mfamasia alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiye na haraka. "Mwanangu, una presha ya macho? Mkojo unatoka vizuri? Kuna dawa nyingine unayotumia, hata ya mafua? Asubuhi unaendesha?" Nikajibu hapana, ndiyo, hapana, hapana, mfululizo, macho kwenye simu. Majibu mawili ya mwisho yalikuwa uongo. Gari nilikuwa naendesha kila siku, na nyumbani nilikuwa na chupa ya dawa ya mafua ya usiku ambayo nilikuwa nimeinywa jana yake. Sikuona maswali yale yanahusiana vipi na usingizi. Yanahusiana sana.

Vidonge vingi vya usingizi vinavyouzwa bila cheti cha daktari ni dawa za mzio, zile za kizazi cha kwanza. Histamini, kemikali ya mwili ambayo dawa hizi huiziba, tunaijua kwa kupiga chafya na kujikuna, lakini ndani ya ubongo ina kazi nyingine: ni mojawapo ya kemikali zinazotuweka macho. Dawa za zamani za mzio hupenya hadi kwenye ubongo na kuiziba kule pia, ndiyo maana mtu aliyemeza kidonge cha kujikuna anajikuta anasinzia. Dawa mpya za mzio, kama setirizini na loratadini, hupenya ubongoni kidogo sana, kwa hiyo usizinunue ukitarajia zikulaze. Kwa maneno mengine, unachonunua ni dosari ya dawa ya zamani iliyogeuzwa kuwa kazi yake. Daifenihidramini, maarufu kuliko zote, ilianza kuandikwa na madaktari Marekani mwaka 1946, na haikuwa kwa ajili ya usingizi.

Majina ya kuyatafuta kwenye boksi ni matatu: daifenihidramini, doksilamini na promethazini. Jina kubwa la rangi upande wa mbele ni la biashara. Dawa yenyewe huandikwa kwa herufi ndogo, tena kwa tahajia ya Kiingereza, kwa hiyo geuza boksi uyasome taratibu. Miwani itafutwe kama ni lazima.

Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 50 za daifenihidramini au 25 za doksilamini, mara moja, kama nusu saa kabla ya kulala. Angalia vizuri: kidonge kimoja cha daifenihidramini kinaweza kuwa na 25 au 50, kutegemea boksi. Na "mara moja" maana yake ni mara moja kwa usiku. Kikikataa kukulaza, umelala macho usiku huo, basi. Cha pili hakiongezwi.

Sasa turudi kwenye birika. Kosa langu usiku ule lilikuwa saa. Kwa mtu mzima mwenye afya, mwili huchukua kati ya saa nne na tisa hivi kuondoa nusu tu ya daifenihidramini, na doksilamini hukaa zaidi, kama saa kumi. Nimemeza saa nane usiku, nimeamka saa moja asubuhi. Nusu ya dawa, pengine zaidi, ilikuwa bado inazunguka kwenye damu. Nilikuwa nimesimama, nimepiga mswaki, nimevaa viatu, lakini kichwani kulikuwa bado usiku. Ubaya wa uzito huu ni kwamba wewe mwenyewe huuhisi kidogo kuliko ulivyo. Ukiniuliza asubuhi ile ningekwambia niko sawa, nimechoka tu.

Tangu hapo kanuni yangu ni kwamba sigusi kidonge kama sina saa nane kamili za kitandani mbele yangu, na usiku wa kwanza nautafutia siku ambayo kesho yake siendeshi wala sishiki mashine. Ikishapita saa nne na nusu usiku na kuna kazi alfajiri, boksi linabaki kabatini. Pombe sichanganyi hata kidogo, na wewe usichanganye. Viwili hivyo, na vilevile dawa kali za maumivu za jamii ya kodeini na morfini, au dawa nyingine za kutuliza, huongezeana nguvu hadi pumzi ikapungua.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na ndilo ninaloliona kwa watu wengi. Usiku wa kwanza kidonge kilinichukua vizuri. Wa pili, vizuri. Wa nne nilimeza nikabaki nahesabu mbao za dari. Nikajiambia mwili wangu ni mgumu, unahitaji viwili. Kumbe si mwili wangu peke yangu. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ambapo wanaume wenye afya walipewa daifenihidramini miligramu 50 mara mbili kwa siku. Siku ya kwanza walisinzia waziwazi, lakini kufika siku ya nne hawakuwa na tofauti na walipopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Mwili huzoea haraka namna hiyo. Usingizi unapungua, ila ukavu wa kinywa, choo kigumu na ukungu wa asubuhi havikuachi kwa sababu tu umezoea.

Usiku wa sita nilimeza viwili, na kwa kuwa pua ilikuwa imeziba, nikashushia na kile kikombe kidogo cha dawa ya mafua ya usiku. Ndani yake mlikuwa na doksilamini. Sikujua. Nilichojua ni kwamba moyo ulianza kwenda mbio, ulimi ukawa kama kitambaa kikavu, na nilisimama chooni dakika nyingi mkojo umekataa kutoka. Nilikuwa na bahati ikapita. Kwa wingi zaidi, dawa hizi huvuruga mapigo ya moyo, huleta degedege, na zimeua watu. Mtu akizidisha usisubiri aonekane vibaya, mpeleke hospitali na boksi mkononi.

Hapo ndipo nilipoelewa swali la mkojo. Dawa hizi hukausha na kulegeza: mate, machozi, utumbo, kibofu. Mwanamume mwenye tezi dume iliyotanuka anaweza kufungwa mkojo kabisa. Mwenye presha ya macho, hasa ile ya pembe iliyofunga, yaani njia ya maji ya jicho kutokea imebanwa, presha ya jicho inaweza kumpanda ghafla. Mwenye pumu au ugonjwa mwingine wa mapafu, mwenye degedege, anayekoroma hadi pumzi inakatika, mjamzito na anayenyonyesha, hao wote waanze kwa daktari au mfamasia. Na wale ambao miguu huwachezacheza usiku wasishangae ikizidi, maana dawa hizi zinajulikana kwa kuichochea. Mtoto asipewe ili alale, hata kama safari ni ndefu na wewe umechoka tiki. Chini ya miaka 12 hazitumiki kwa usingizi, nchi nyingine zinaweka mpaka miaka 16, na mtoto anaweza hata kugeuka akachangamka kupita kiasi badala ya kulala.

Pia soma kama kuna parasetamoli ndani. Zipo nyingi zilizochanganywa, za "maumivu na usingizi". Ukimeza hiyo juu ya parasetamoli ya kawaida unaweza kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, bila kujua, na ini ndilo linalolipa. Kama hakuna kinachokuuma, parasetamoli ya nini?

La mama yangu sikupanga kuliandika, lakini bila hilo nitakuwa nimesema nusu. Alikuja kukaa kwangu, ana miaka sabini na mbili, akalalamika usingizi umempaa. Nikampa kimoja kutoka boksi langu, kwa nia njema, kama unavyompa mtu glasi ya maji. Usiku wa manane nikasikia mtu anagonga mbao. Nikatoka, nikamkuta amesimama mbele ya kabati la nguo, ameshika mpini, anauvuta, ananiambia mlango wa choo umekwama. Nikamshika mkono. Aliniita kwa jina la marehemu kaka yake. Asubuhi hakukumbuka lolote, na kwa siku nzima alitembea akishika kuta.

Alikuwa angeanguka akavunja nyonga. Kwa wazee dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na ubongo wao huvurugika nayo kwa urahisi. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kimeziweka dawa hizi kwenye orodha ya zile ambazo wenye miaka 65 na kuendelea waziepuke. Mimi nilikuja kusoma hayo baada ya tukio, jambo ambalo bado linaniudhi.

Kuacha kwenyewe kulinichukua usiku tatu. Wa kwanza na wa pili vilikuwa vibaya kuliko kabla sijaanza, na ni hapo watu wengi hurudi kwenye boksi wakiamini wamethibitisha kwamba hawawezi bila kidonge. Ule ni mwili unajirudisha. Kilichonisaidia kilikuwa cha kuchosha: kuamka saa ileile kila siku, hata Jumapili, hata nikiwa nimelala kwa muda wa saa tatu tu. Usingizi usipokuja baada ya kama dakika ishirini, natoka kitandani, nakaa kwenye kiti sebuleni na taa hafifu mpaka kope ziwe nzito. Saa ya ukutani niliigeuza itazame ukuta. Hizi ni sehemu za tiba ya mazungumzo na tabia kwa wasiolala, ambayo madaktari huitaja kwanza, kabla ya kidonge chochote, kwa mtu ambaye tatizo limekuwa sugu.

Je, nimeviacha kabisa? Hapana. Safari ya ndege iliyonigeuzia mchana kuwa usiku, juma la msiba, mara kama hizo navitumia, usiku mmoja, mbili, tatu mwisho, kisha natulia. Nyuma ya karatasi ya vidonge naandika tarehe kwa kalamu pembeni ya kila tundu nililotoboa, maana kumbukumbu ya mtu asiyelala si ya kuaminiwa. Maelezo ya boksi huwa yanasema wiki mbili ndio ukomo. Kwangu tarehe tatu zikifuatana nakuwa nimefika, na usingizi ukiendelea kunikimbia wiki ya tatu nakwenda kwa daktari, kwa sababu nyuma yake mara nyingi pana kitu: huzuni, tezi ya shingo, maumivu, pumzi inayokatika usiku, au dawa nyingine unayomeza.

Mama siku hizi hanunui kitu bila kunipigia. Juzi alikuwa dukani na boksi la dawa ya mafua mkononi, miwani ameisahau, anamsumbua kijana wa kaunta amtajie herufi naye ananirushia moja moja kwenye simu. D. O. X. Alipofika Y nikamwambia, "Mama, rudisha."

"Hata sijamaliza," akasema.