Dar hadi Mwanza kwa ndege: hesabu saa kuanzia mlangoni kwako

Mama yangu aliwahi kuachwa na ndege Mwanza, na kosa lilikuwa langu. Nilimkatia tiketi ya kuja Dar es Salaam kliniki ya macho, nikamtumia kwenye simu kama ilivyo. Imeandikwa 07:00. Mama akasoma saa saba, akajiandaa kwa safari ya mchana. Anafika uwanjani, ndege ilishatua Dar tangu saa mbili na nusu asubuhi. Akanipigia kuniomba radhi, yeye kwangu mimi. Iliniuma sana.

Tangu siku hiyo, ninayemkatia tiketi namwandikia saa kwa Kiswahili chetu: Jumanne, saa moja asubuhi, uwe uwanjani saa kumi na moja alfajiri. Kama ni mzee, nampigia kabisa arudie kwa mdomo wake. Tiketi za usiku wa manane ndizo hatari zaidi. Ikiandikwa Jumamosi 00:40, hiyo ni Ijumaa usiku kuamkia Jumamosi. Ukienda Jumamosi usiku, umechelewa siku nzima.

Tuje kwenye umbali. Kwa angani, Dar hadi Mwanza ni kama kilomita 850. Kwa barabara, ukipita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, zinazidi 1,100. Jeti ikishakaa sawa juu hukimbia kama kilomita 800 kwa saa, kwa hiyo utadhani ni saa moja tu. Lakini kuna kujikokota hadi njia ya kurukia, kupanda, kushuka na kupanga foleni ya kutua, ndiyo maana tiketi husema karibu saa moja na nusu. Ile ya pangaboi huchukua muda zaidi. Uliza pia kama inakwenda moja kwa moja, maana nyingine hupitia Kilimanjaro, na hapo asubuhi yako imekwisha.

Mimi naishi Mbezi. Kwa ndege ya saa moja asubuhi natoka nyumbani saa kumi alfajiri, na mvua ikinyesha natoka mapema zaidi, kwa sababu kaunta ikifungwa haifunguliwi kwa machozi ya mtu. Saa tatu na nusu nakuwa mjini Mwanza. Jumla saa tano na nusu, wala si moja na nusu. Basi likiondoka alfajiri hiyo hiyo litakufikisha usiku. Kama hakuna mgonjwa wala msiba, na nauli ya ndege imepanda, panda basi bila kujilaumu. Fedha inayobaki inanunua dawa.

Kwetu ni Sengerema, kwa hiyo nikitua bado sijafika. Uwanja uko Ilemela, upande wa kaskazini. Lazima nikate mji mzima, nipite Buhongwa na Usagara hadi Kigongo. Zamani pale tulisubiri kivuko, na usiku ule baba alipozidiwa nilikaa ng'ambo nikiyatazama maji tu. Daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Ndege ni zile zile na dakika ni zile zile, ila safari hii nilimkuta mama bado hajala chakula cha mchana, tukala pamoja.