Filamu ulizoniomba, na kikebe cha Guka

Kevo, mtoto wa dada yangu, ujumbe wako niliusoma saa kumi na moja alfajiri nikiwa ndani ya basi, naenda kwa mzee wa kwanza kati ya wanane ninaowahudumia kwa siku. Umeniambia huko mtaani Section 58, Nakuru, watu wanasema ubaguzi wa rangi Uingereza umekwisha, eti Wazungu wenyewe waliandamana wakaangusha sanamu. Halafu ukaomba nikutumie majina ya vitabu na filamu uanze kujiandaa, ili ukifika usishtuke. Siku nne sikujibu. Hilo la kwanza lilinikasirisha, na hilo la pili likanikosesha usingizi.

Sanamu iliangushwa kweli, hapa hapa Bristol, tarehe 7 Juni 2020. Ilikuwa ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa. Waliiburuta mpaka bandarini wakaitumbukiza majini. Mimi nilifika miaka miwili baadaye, walipowafungulia mlango wahudumu wa wazee. Picha niliyokutumia nikiwa na koti jeusi niliipiga bandarini pale pale, na najua picha zile ndizo zimekuza uvumi huko nyumbani. Hilo ni kosa langu. Mama anajua nafanya kazi hospitalini. Sifanyi kazi hospitalini, Kevo. Nawaogesha wazee majumbani mwao, nawabadilisha nepi, nawapikia chai.

Wiki yangu ya tatu, bibi mmoja aliniambia niimwage chai niliyompikia, atamngoja msichana msafi. Nilikuwa nimetoka kunawa mikono mbele yake. Niliimwaga. Kesho yake nikaimwaga tena. Siku ya nne nikampigia msimamizi wangu, akasikitika sana, na jioni akanitumia barua pepe yenye orodha ya vitabu na filamu kuhusu ubaguzi wa rangi. Aliyetukanwa ni mimi, na aliyepewa masomo ni mimi. Asubuhi nikapangiwa bibi yule yule.

Kwa hiyo ulipoandika neno orodha, mikono ilinitetemeka.

Lakini nilisoma. Nilisoma kwa hasira, na sijuti. Nilisoma kwamba mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya mji huu ilikuwa haiajiri watu weusi wala Waasia kuendesha mabasi yake. Kijana Guy Bailey aliitwa kwenye usaili, alipotokea wakaiona rangi yake, wakamrudisha. Paul Stephenson na wenzake wakawaita watu wasusie mabasi hayo. Walisusia miezi minne, wengine wakitembea kwa miguu kwenda kazini, mpaka tarehe 28 Agosti kampuni ikanyoosha mikono. Dereva wa basi langu la alfajiri ni Msomali. Siku niliyosoma hayo nilimwamkia kwa heshima ambayo hakuielewa.

Filamu nitakutajia moja tu, Mangrove, ya Steve McQueen, ya 2020. Inahusu mkahawa wa watu weusi London ambao polisi waliuvamia mara kwa mara, watu wakaandamana, na tisa wakashtakiwa. Kesi ya 1971 ilichukua siku 55. Baadhi yao walijitetea wenyewe mahakamani, na mwishowe jaji akatamka kwamba kulikuwa na ushahidi wa chuki ya rangi pande zote mbili, polisi wakiwemo. Nilisimama kitandani nikipiga makofi. Kisha nikakaa, kwa sababu nilikumbuka kibali changu kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Akiniondolea udhamini, kwa kawaida napewa siku 60 nipate mdhamini mwingine au nirudi. Nani atapiga kelele juu ya kikombe cha chai akiwa na siku 60, na kiploti cha mama kule Bahati kimeshauzwa kumlipa ajenti?

Hapo ndipo nilipokwenda maktaba na kukuta kitabu cha historia ya Kenya. Shuleni kipande, kile cheti cha kazi cha wakati wa ukoloni, tulikisoma kwa mstari mmoja, jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani. Humo kilikuwa na kurasa nzima. Tangu karibu 1920, kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kutembea nacho: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi. Mwajiri asipotia sahihi ya kukuachilia, ukienda kwingine umetoroka, unashtakiwa. Karatasi ilikaa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wazee wetu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi.

Kevo, kikebe hicho nimekishika. Ndicho Cucu, nyanya yangu, alichokuwa akitilia ugoro kule Njoro. Guka, babu yangu, alikivaa kwenye shamba la ngano la Mzungu, na mimi nilikichezea miaka mingi bila kuuliza ni cha nini. Nilivuka bahari nikaja kuambiwa na kitabu cha watu wengine.

Sisemi ni mambo yale yale. Mimi nilikuja kwa hiari, nalipwa, hakuna wa kunifunga nikiacha kazi. Ila usiku ule nilikunjua karatasi yangu ya udhamini, nikaiweka juu ya ukurasa ule, na nililia mpaka mwenzangu wa chumbani akaamka.

Basi usije. Njia niliyopita mimi ilifungwa tarehe 22 Julai 2025, hawachukui tena wahudumu wapya kutoka nje, na ajenti anayekuambia kuna nafasi anataka kukuibia. Usimpe hata shilingi. Lakini ukipata chuo, njoo, hata kesho, chumba changu kinatutosha. Na ukija, ukitukanwa andika: siku, saa, maneno yenyewe. Mimi sikuandika, ndiyo maana sikuwa na la kuonyesha. Wala usidhani umeshajua mambo kwa kusoma. Nilikuwa nimemaliza vitabu vitatu siku bibi yule alipokataa mkate niliompakia siagi, na niliumia kama siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba safari hii sikuitazama mikono yangu kuona ina nini.

Soma, tafadhali. Anza na riwaya ya Ngũgĩ ya 1964, Weep Not, Child, uone Ngotho akilitunza shamba la babu zake kwa niaba ya Mzungu. Uliisoma ukitafuta alama. Isome tena pole pole.

Na Jumamosi panda matatu uende Njoro. Muulize Cucu kuhusu kikebe, asubuhi, kabla hajachoka. Karatasi ya ndani aliihifadhi kwenye Biblia yake, sijawahi kuisoma. Kama bado ipo, ipige picha pande zote mbili. Nataka kuona kama aliyemwajiri Guka alitia sahihi. Natoka zamu saa nne usiku.