Jibu: Timu yangu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, imepigwa mechi nane mfululizo, niache kuamka usiku?

Pole mdogo wangu, nane mfululizo inauma jamani, hasa ukiwa umeamka saa tisa na nusu usiku kuchungulia simu ndani ya neti. Ila ulivyouliza kama msimu ndo umeisha, mi nakwambia bado, mechi ziko 82 bana. Wacheki Miami Heat 2016-17, nusu ya kwanza ya msimu walishinda 11 wakafungwa 30, nusu ya pili wakageuza kibao wakashinda 30 wakafungwa 11, ingawa pleiofu, yaani ile mitoano ya mwisho wa msimu, waliikosa. Afu Detroit Pistons 2023-24 walipigwa 28 mfululizo, wakamaliza na ushindi 14 tu, msimu uliofuata wakashinda 44 na pleiofu wakaingia, we nambie nani alitegemea?

Mi siangalii matokeo peke yake, naangalia kama vijana wanakimbia kurudi kukaba, mpira unazunguka au kila mtu anajirushia tu, na nani majeruhi. Hapa Ngamiani kijiweni kwenye kahawa watu washaanza kocha afukuzwe, usiwafuate. Yule dogo wenu anayekosa mitupo ya mbali ya pointi tatu mpe muda, mkono wake mzuri. Ijumaa pita tuangalie marudio, kahawa na kashata juu yangu.