Maswali ya Wasomaji: Je, Chachu Daima Ni Mfano wa Dhambi?

SWALI: Tulipokuwa tukisoma habari za Pasaka, mmoja wetu alisema kwamba Waisraeli walikatazwa chachu kwa sababu ni mfano wa dhambi. Je, hiyo ndiyo maana ya mikate isiyotiwa chachu?

JIBU: Maana hiyo ipo, lakini siyo iliyotangulia. Kulingana na Kutoka 12:39, Waisraeli walioka mikate isiyotiwa chachu kwa sababu walifukuzwa Misri wala hawakuweza kukawia. Kumbukumbu la Torati 16:3 huiita “mikate ya mateso.” Basi aliyeila kila mwaka alikumbuka kwanza utumwa na usiku wa kuondoka. Hata hivyo, msomaji makini ataona kwamba amri ya kuila ilitolewa kabla ya haraka yenyewe (Kutoka 12:8, 15), nayo ilidai pia kwamba chachu iondolewe nyumbani kwa siku 7.

Ili kuhisi uzito wa agizo hilo, yafaa kukumbuka jinsi unga ulivyochachuliwa zamani. Mwokaji alibakiza kipande cha donge lililochacha, akakikanda pamoja na unga mpya, kisha akabakiza kingine tena, hivi kwamba mkate wa leo ulibeba ndani yake donge la jana na la juzi. Kuiondoa chachu yote kuliukata mfululizo huo, na mwokaji akalazimika kuanza upya. Kwetu sisi, hapo ndipo maneno ya Paulo yanapopata nguvu: alipowataka Wakorintho wamtoe kati yao mtu aliyeishi katika uasherati, aliwaambia waiondoe chachu ya kale wapate kuwa donge jipya (1 Wakorintho 5:6-8). Yesu naye alionya juu ya chachu ya Mafarisayo na Masadukayo, yaani mafundisho yao (Mathayo 16:12).

Lakini haifai kuihukumu chachu kila inapotajwa. Ingawa haikuruhusiwa kuteketezwa madhabahuni (Mambo ya Walawi 2:11), mikate miwili ya Pentekoste ilitiwa chachu kwa agizo la Mungu mwenyewe (23:17). Tena Yesu aliufananisha ufalme wa mbinguni na chachu ambayo mwanamke aliificha katika pishi 3 za unga hata ukachacha wote (Mathayo 13:33). Hapo kinacholengwa ni jinsi inavyoenea bila kuonekana, kwa maana Yesu asingeufananisha ufalme huo na dhambi.