Usizile siku zako za likizo kwa mkupuo mmoja

Kwa miaka sita niliomba likizo mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa Desemba, na nikiomba naomba siku zote. Nafanya kazi ya hesabu katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Anayeijua Malaba anajua kwamba foleni ya malori haijui Jumapili. Simu inalia saa tano usiku: dereva yuko upande wa Kenya, hati moja ina kosa, mzigo umelala. Desemba ikifika nilikuwa nakusanya watoto na mabegi, tunapanda basi, Kampala tunabadilisha jingine, tunavuka mto Nile pale Karuma, mpaka kwetu Arua.

Na Arua sikupumzika. Naomba nieleweke vizuri. Nampenda mama yangu, nawapenda ndugu zangu, na nitaendelea kwenda. Lakini mtu aliyetoka mjini akifika nyumbani Desemba, amefika kazini. Kuna ada za shule za watoto wa ndugu, kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali, kuna harusi mbili, kuna kikao cha ukoo kuhusu shamba. Unalala wa mwisho, unaamka wa kwanza. Huo ni wajibu, na una baraka zake. Kosa langu lilikuwa kuuita mapumziko, kisha kushangaa mbona narudi Malaba nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Basi mwaka mmoja tukakubaliana na Baba Amina: safari hii nyumbani tutaenda Idi, Desemba twende visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria. Tulikuwa tumeweka akiba muda mrefu. Wiki mbili nzima. Tulipanda feri Nakiwogo, kule Entebbe, na kwa zaidi ya saa tatu watoto hawakutoka ukingoni, wanatazama ziwa tu. Kalangala, mji wa visiwa hivyo, ni kuzuri kweli. Mchanga, msitu unaoshuka mpaka majini, samaki aliyetoka kuvuliwa. Lakini siku nne za kwanza simu haikunyamaza. "Mama Amina, samahani kukusumbua, faili ya ule mzigo wa chumvi uliiweka wapi?" Jibu ni la dakika mbili. Ila baada ya kujibu, mwili unabaki ufukweni na moyo umesharudi Malaba, na haurejei mpaka jioni.

Nilirudi kazini Jumatatu. Ijumaa ya wiki hiyohiyo nilikuwa nimekaa mbele ya rundo la hati, mabega yanauma kama zamani, na Ssese ikawa kama jambo nililosimuliwa na mtu mwingine. Niliumia sana. Pesa zote zile, siku zote zile, kwa siku tano?

Ndipo nikaanza kusoma, na nikakuta haikuwa kasoro yangu peke yangu. Mtafiti Jessica de Bloom na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 54 wa Uholanzi waliokwenda likizo ndefu, ya wastani wa siku 23, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Hali ya afya na furaha ya watu hao ilipanda haraka, ikafika kileleni kwenye siku ya nane, na ndani ya wiki ya kwanza ya kurudi kazini ikawa imeshuka palepale ilipoanzia. Mwenzake wa hukohuko Uholanzi, Jeroen Nawijn, aliwauliza watu zaidi ya 1,500, na mwaka 2010 akaandika kitu kilichonigusa zaidi: waliokuwa wanatarajia safari walikuwa na furaha kuliko wasiosafiri kabla hata hawajaondoka. Baada ya kurudi, tofauti hiyo ilitoweka, isipokuwa kwa wale waliosema wamepumzika sawasawa.

Mimi nasoma hivi: furaha kubwa iko kwenye kungojea, na urefu wa likizo hauwezi kuizuia isiyeyuke. Kama ndivyo, kwa nini nizile siku zangu zote kwa mkupuo mmoja, kisha nikae miezi kumi na moja bila kitu cha kungojea?

Tena sheria yetu wenyewe imekaa hivyohivyo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, ndiyo zinapatikana 21 kwa mwaka. Siku zenyewe zinachukuliwa kwa makubaliano na mwajiri, kwa hiyo zungumza naye mapema. Mimi nilikwenda na kalenda mkononi, nikamwonyesha bosi vipindi vitatu na jina la atakayeshika meza yangu kila kipindi. Akaguna, akakubali. Kutokuwepo kwa siku chache ni rahisi kwake kukubali kuliko pengo la mwezi.

Kipindi cha kwanza tulikwenda Sipi, kule Kapchorwa. Kutoka Malaba unapitia Tororo na Mbale, kisha barabara inapanda mlima Elgon, na kabla ya jioni umeshavaa sweta. Siku tatu tu. Maporomoko ni matatu, na lile refu kabisa linaanguka kama mita mia moja. Ukisimama chini yake huwezi kusikia hata simu, na mimi sikuwa nayo. Niliiacha kwa mwenzangu wa ofisini pamoja na daftari lenye kila faili na mahali ilipo. Hili ndilo ninalokusihi zaidi ya mengine yote. Sabine Sonnentag, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba anayepona uchovu ni yule anayeiachilia kazi mawazoni. Kuondoka mwili peke yake hakutoshi. Andaa daftari hilo wiki moja kabla, usingoje jioni ya kuondoka. Na wakwe na ndugu waambie mapema kwamba siku hizo haupo. Ukiwaambia kwa heshima wanaelewa, hata wakilalamika kidogo.

Kitu kingine nilichobadilisha ni siku ya kurudi. Sirudi tena Jumatatu. Narudi kazini Alhamisi, nafanya siku mbili, halafu nalala Jumamosi na Jumapili nyumbani.

Najua wengi mnaosoma hapa hamna mwajiri wa kuombwa. Dada yangu anauza vitambaa sokoni, na siku asipofungua kibanda, hapati chakula. Yeye amechagua Jumatatu moja kila mwezi, siku ambayo soko limelala, na anajua tangu mwezi uliotangulia atakachofanya: kwenda kwa rafiki yake Tororo, kusukwa nywele, kulala mchana. Ni kidogo, lakini inajulikana tarehe, naye anaihesabu.

Sisi zamu yetu inayofuata ni Agosti. Karatasi ya tarehe imebandikwa kwenye mlango wa jikoni, na Amina ndiye anayekata siku kwa kalamu nyekundu kila asubuhi kabla ya kwenda shule.